Adabu za Mnunuzi

Katika Sura Al-Kahf ya Qurani Tukufu mna habari za vijana walioikimbia dhuluma ya watu wao, wakajificha pangoni ili kuiokoa imani yao. Wanazuoni wa Jumuiya yetu wameeleza kuwa habari hizo zawahusu Wakristo wa mwanzo, waliokuwa wakimwabudu Mungu Mmoja, nao wakatendewa ukatili na watawala wa Kirumi. Waislamu wengi huisoma sura hii kila Ijumaa. Lakini wafikapo hapo aghalabu fikra zao hushughulika na idadi ya vijana wale na miaka waliyokaa humo. Kwa sababu hiyo huipita mbio aya ya 20, ambamo mna jambo la ajabu kwa mwenye kutafakari. Vijana wale waliposhikwa na njaa walimtuma mmoja wao mjini kununua chakula. Wakampa fedha yao. Wakamwagiza atazame ni chakula gani kilicho safi zaidi, awaletee riziki kutokana na hicho. Tena awe mpole na mwangalifu.

Fikiri hali yao. Watu wa mji ule wangewatambua wangewapiga mawe. Mtu aliye katika hatari ya namna hiyo, tena mwenye njaa, husema: leta chochote. Wao hawakusema hivyo. Hata pangoni waliuliza usafi wa chakula, na hata katika mji wa maadui wao waliamrishana upole. Wala Mwenyezi Mungu hakuona kuwa agizo la kwenda sokoni ni jambo duni lisilostahili kutiwa katika Kitabu Chake. Wale waliozihesabu zamani herufi za Qurani wamesema kuwa neno lile la upole, walyatalattaf, ndilo linaloangukia katikati ya Kitabu kizima, na katika misahafu mingine huchapwa kwa wino mwekundu. Sijengi hoja juu ya hesabu hiyo. Nimeitaja kwa kuwa huwafurahisha wanafunzi, na mwanafunzi aliyefurahi husikiliza.

Nasema wanafunzi kwa sababu kazi yangu ni kufundisha katika chuo cha dini huko Ghana, mbali na kwetu Afrika Mashariki. Vijana wetu hutoka katika nchi nyingi, na wanapomaliza masomo hutumwa kuwa wahubiri, aghalabu kila mmoja peke yake, katika kijiji ambacho hana mjomba wala shangazi. Wanajifunza tafsiri, hadithi, fikihi na elimu ya dini nyinginezo. Haya yote ni ya lazima. Lakini mhubiri atakapofika kijijini, watu hawatamtazama kwanza katika mimbari. Watamtazama dukani. Mwenye duka atajua tabia yake kabla ya imamu kuijua, na muuza mboga atakuwa na fatuwa yake juu yake kabla hajatoa hotuba ya kwanza.

Kwa hiyo tufikapo katika mlango wa biashara wa vitabu vya fikihi, hatuishii kusoma. Wanafunzi hupewa fedha za jikoni za siku chache, huenda sokoni watatu watatu, na warudipo kila walichonunua huwekwa mezani. Kisha huulizwa. Kitu hiki kimetoka wapi? Nani amelipwa, naye amelipwa haki yake? Je, mlihitaji kiasi hiki? Mara ya kwanza hucheka. Hudhani kuwa mwalimu anataka kujua kama wameiba chenji. Baadaye hawacheki, kwa kuwa maswali hayo ni magumu kuliko yale ya mtihani.

Jambo la kwanza wanalopaswa kulijua ni kuwa fedha ile si yao. Ni chanda. Mama mmoja aliamka saa kumi usiku akakaanga vitumbua, akatenga sehemu yake ya mwezi. Mkulima mmoja aliuza debe la mahindi ambalo watoto wake wangeweza kulila. Fedha ya watu wa namna hiyo ikitumika kwa uzembe, hasara haiwi ya chuo. Basi unafuu ni wajibu, na anayedharau kuulizia bei kwa kuogopa kuonekana maskini huyo anajifaharisha kwa jasho la mwingine.

Lakini unafuu una hesabu yake, na watu wengi hawaifanyi. Tuseme lita moja ya mafuta ya kula ni shilingi 6,000, na kipimo kidogo, sehemu ya kumi ya lita, ni shilingi 800. Anayenunua kipimo huona ametumia fedha kidogo. Akinunua vipimo kumi atakuwa ametoa shilingi 8,000 kwa lita ile ile. Ndivyo ilivyo katika sukari, katika sabuni, katika mkaa wa kopo kwa kulinganisha na mkaa wa gunia. Hivyo yule mwenye kipato kidogo ndiye anayelipa bei kubwa. Wahubiri wengine wakishalijua hili hupanda mimbari kuwakemea maskini kwamba hawajui kupanga matumizi. Hilo si kosa dogo. Maskini anajua hesabu hiyo kuliko mhubiri. Anachokosa ni zile shilingi 6,000 kwa siku moja. Dawa yake si kemeo. Jirani watano waweza kuchanga, wakanunua dumu moja na kugawana kwa kipimo cha haki. Na nyumba ya mhubiri, ambayo kwa kawaida ina chombo na mahali pa kuwekea, ndiyo ingekuwa ya kwanza kuwakusanya. Nimeona jambo hili likifanyika kwa maharage na kwa unga, na hakuna aliyehitaji hotuba.

Kuna na lile daftari la madeni la dukani. Mtume Mtukufu s.a.w. katika sala zake alikuwa akiomba kulindwa na deni, na alipoulizwa sababu alieleza kuwa mwenye deni akisema husema uongo na akiahidi huvunja ahadi. Mhubiri anayedaiwa dukani huanza kupita nyuma ya nyumba za watu ili asionekane na mwenye duka. Na taabu ni kwamba mara nyingi njia ya msikitini hupita mbele ya duka lile lile.

Sasa nije katika usafi wa chakula, kwa kuwa hapa pana mengi. Qurani Tukufu inapotuamrisha kula, katika Sura Al-Baqara aya ya 169, yataja mambo mawili pamoja: chakula kiwe halali, tena kiwe kizuri, yaani tayyib. Halali kila Mwislamu huiulizia. Hakuna mwanafunzi wangu aliyewahi kuleta nyama ya nguruwe, na wote hujua kuuliza nani aliyemchinja kuku. Lakini swali la uzuri huachwa. Wengi hufikiri uzuri ni kwamba kitu hakijaoza. Naam, hilo nalo limo. Imam Muslim ameipokea hadithi ya Mtume s.a.w. alipopita sokoni, akatia mkono ndani ya lundo la nafaka, vidole vyake vikagusa umande. Mwenye mali alipojitetea kuwa ni mvua, Mtume s.a.w. alimwuliza kwa nini hakuiweka ile yenye maji juu ili watu waione, kisha akatangaza kuwa mdanganyifu si mwenzake. Kwa hiyo kutia mkono chini ya tenga la nyanya si utovu wa adabu. Ni sunna, na muuzaji mwema hatachukia.

Walakini kitu chaweza kuwa kibichi na kitamu, nacho kisiwe kizuri kwa njia kilivyopatikana. Wasomaji wa mwambao wetu wanalijua jambo la samaki wa baruti. Uvuvi wa baruti umekatazwa kwa sheria Tanzania tangu mwaka 1970, na kwa miaka mingi ulikuwa ukiendelea. Mlipuko mmoja huua samaki mkubwa anayeuzwa, pamoja na vifaranga wasioonekana na wasiouzika, na huyavunja matumbawe ambamo samaki huzalia. Nayo matumbawe hukua polepole mno, hata yakishavunjwa mtoto wa mvuvi huzeeka hajayaona yakirudi kama yalivyokuwa. Samaki wa namna hiyo hujulikana: mwili wake umelegea kabla ya wakati, na mifupa ya ndani imevunjika. Ziwa Victoria nako sheria imeweka kiasi. Sato aliye chini ya sentimeta 25 na sangara aliye chini ya sentimeta 50 hawaruhusiwi kuvuliwa, maana hawajazaa vya kutosha. Anayenunua wale wachanga kwa kuwa bei yao ni ndogo anakula chakula cha mwaka ujao, tena cha mwenzake.

Hapa Ghana pana msiba wa aina hiyo hiyo, uitwao saiko. Meli kubwa za kukokota nyavu hukamata samaki wadogo ambao ndio riziki ya wavuvi wa mitumbwi, huwagandisha kama matofali, kisha huwauza kule kule baharini kwa watu wanaokuja kuwapokea na kuwapeleka sokoni. Sheria yaikataza biashara hiyo. Hata hivyo kwa mwaka 1 tu, yaani 2017, samaki waliopita njia hiyo walikadiriwa kuwa tani 100,000 hivi. Matokeo yake wavuvi wa mitumbwi hurudi na nyavu tupu, na wake zao waliokuwa wakikausha samaki kwa moshi hulazimika kununua matofali yale yale ili wapate cha kuuza. Umaskini huo haukuletwa na ukame.

Siku moja wanafunzi wakaleta tofali la samaki. Mmoja wao, kijana mwenye akili, akanikabili kwa hoja: “Ustadhi, wewe umesema fedha hii ni amana ya watu na unafuu ni wajibu. Samaki huyu ni nafuu kuliko wote sokoni. Je, sisi tumekosa wapi?” Nilimpenda kwa swali lake, kwa maana ndiyo mzizi wa mambo yote haya. Jibu nililompa ni kuwa yule mama wa vitumbua alitoa chanda yake kwa ajili ya Mungu. Lau angekuwapo pale mezani, akaambiwa kuwa akiba ya sedi chache imepatikana kwa kumwacha mama mwingine, mkausha samaki, bila kazi, angeridhika? Mwenye amana ana haki ya kutaka fedha yake isipotee. Hakutaka itumike kumdhulumu mtu. Ndipo tukatafuta njia, maana kukataza bila kuonyesha njia ni kazi ya wavivu. Wiki ile tulinunua samaki wa moshi wa mitumbwi kwa uchache, kama kiungo cha kutia ladha katika mchuzi, na badala ya samaki wa kujaza sahani tukapika kunde. Hesabu ilikaa sawa. Waliolalamika walikuwa wawili, nao walilalamika pia siku za samaki.

Mapishi hayo yanikumbusha lile agizo la maisha ya kawaida alilolitoa Hadhrat Khalifatul Masih II r.a. mwaka 1934, alipoianzisha Tahrik-i-Jadid. Aliwataka wanajumuiya waridhike na chakula cha namna moja kwa mlo mmoja. Vijana wa leo hudhani agizo hilo lilikuwa la fedha tu. Lakini yeyote aliyekwenda sokoni na orodha ya mlo wa chakula kimoja anajua faida yake nyingine: mtu huwa na nafasi ya kuchagua. Mwenye kununua vitu kumi na viwili kwa haraka hawezi kuuliza asili ya hata kimoja. Seyidna Umar r.a., kama ilivyopokewa katika Muwatta ya Imam Malik, alimkuta Jabir bin Abdullah r.a. amebeba nyama. Jabir akaeleza kuwa walikuwa na hamu ya nyama, basi akanunua ya dirhamu moja. Seyidna Umar akamwuliza kama hakuna miongoni mwao awezaye kulikunja tumbo lake kwa ajili ya jirani yake au binamu yake. Nyama ile ilikuwa halali, na fedha ilikuwa ya Jabir mwenyewe. Sisi leo tunapika masufuria ya pilau arusini hata mbwa wa mtaa wanachoka, na nasema hili nikijua kuwa wenye arusi watanikasirikia.

Juu ya mifuko ya plastiki sitasema mengi, kwa kuwa serikali zetu zimekwisha kusema: Zanzibar mwaka 2006, Rwanda mwaka 2008, Kenya mwaka 2017, Tanzania Bara mwaka 2019. Bibi zetu walikwenda sokoni na kikapu cha ukindu, na hawakungoja amri ya waziri.

Tunakuja katika upole, ambao ndilo neno zito kuliko yote katika aya. Katika Sura Al-Mutaffifin Mwenyezi Mungu ameahidi maangamizi kwa wapunjao vipimo. Tunapoisikia sura hiyo kila mtu humtazama mwenye duka. Lakini isome kwa utaratibu. Kabla ya kumtaja mtu anapowapimia wengine, aya ya 3 inamtaja anapojipimia kwao. Yaani, inaanza na mnunuzi! Kuchukua kipimo kamili si dhambi; lawama ni kwa mwenye vipimo viwili, kimoja cha kupokea na kingine cha kutoa. Sasa kama hivyo ndivyo kwa anayechukua kamili, hali ya yule anayechukua zaidi ya kamili itakuwaje?

Wakulima wa viazi na vitunguu wa nchi yetu wanajua ninachokusudia. Ni lumbesa. Gunia hujazwa mpaka mdomoni, kisha juu yake hushonewa kilemba kirefu kinachojazwa tena, hata gunia lasimama kama mtu aliyevaa taji. Mkulima hulipwa bei ya gunia moja. Mnunuzi akifika mjini huyatoa mazao yale, huyapima kwa kilo au kwa kisado, na kila kiazi cha kilemba kile huuzwa kwa fedha. Hivyo kipimo cha kununulia ni kimoja, cha kuuzia ni kingine, kama sura ilivyosema. Lumbesa imepigwa marufuku, na mizani imehimizwa mara nyingi. Hata hivyo mkulima mwenye viazi vilivyokwisha kuchimbwa, na mvua iko karibu, hana nguvu ya kukataa: akikataa yeye, jirani yake atakubali. Waislamu wamo miongoni mwa wanunuzi hao, tena wengine wana alama ya sijida usoni. Naliandika hili kwa uchungu.

Mtume s.a.w. alikwisha kuiona tabia hiyo katika zama zake. Alikataza watu wasiwaendee wenye misafara njiani kununua mali yao kabla hawajafika sokoni na kuijua bei. Lakini watu wa Madina walipomtaka apange bei za vitu, alikataa, kwa kuogopa kumdhulumu mtu. Yapasa tuyafahamu yote mawili pamoja. Bei yaweza kupanda na kushuka, na muuzaji na mnunuzi wana uhuru wa kupatana. Kisichoruhusiwa ni kuutumia ujinga wa mwenzako au dhiki yake.

Nisifahamike vibaya. Kuombana bei si kosa. Mtume s.a.w. mwenyewe alipatana na Jabir r.a. bei ya ngamia wakiwa safarini. Na walipofika Madina alimlipa ile bei, kisha akampa na ngamia wake. Basi mimi huwafundisha vijana kuomba bei ipunguzwe, kwa kuwa soko la Afrika bila maneno huwa kama sala bila wudhu. Swali ni wapi mtu asimame.

Jioni moja kikundi cha watatu kilirudi kikijisifu. Walikuwa wamengoja mpaka jua lianze kuzama, wakamwona bibi mmoja mzee aliyebakiwa na beseni la nyanya. Gari la kwao lilikuwa linapiga honi. Walimtajia bei isiyofika nusu ya ile ya asubuhi, wakaondoka hatua chache, naye akawaita. Beseni zima likawa lao. Tuliliweka mezani, tukalijadili hata baada ya sala ya Isha.

Wa kwanza alisema kuwa biashara ni kwa kuridhiana, kama ilivyo katika Sura An-Nisaa aya ya 30, na bibi aliwaita mwenyewe. Wa pili alisema kuwa nyanya zile zingeoza. Kwa hiyo walimwokoa asipate hasara yote. Mwanafunzi mwingine, ambaye hakuwa katika kikundi kile, akasema kuwa mama yake huuza nyanya, na kwamba mtu anayeita wateja kwa sababu gari linaondoka hajaridhika, amechoka. Chumba kikanyamaza. Sikutoa hukumu kuwa ni haramu, maana si haramu. Uuzaji ule umesihi, ingawa wanazuoni wamezungumza juu ya kumnunulia mtu aliyeshikwa na dhiki, na wengi hawakuupenda. Niliwauliza jambo moja tu: ile akiba imekwenda wapi? Wakatazamana. Ilitosha chupa tatu za soda, nazo walizinywa njiani.

Hapo ndipo nikawasimulia habari za Jarir bin Abdullah r.a. Alimwagiza mtumishi wake amnunulie farasi. Mtumishi akapatana na mwenye farasi kwa dirhamu 300, akaja naye ili alipwe. Jarir alipomtazama farasi alimwambia mwenyewe kuwa mnyama huyu ana thamani zaidi ya 300, je, atamwuza kwa 400? Kisha akaendelea kumpandishia, mia kwa mia, mpaka akamnunua kwa 800. Watu walistaajabu. Akawaambia kuwa alifunga ahadi na Mtume s.a.w. ya kumtakia mema kila Mwislamu. Hakuna sheria iliyomlazimisha, na muuzaji alikuwa ameridhika na 300. Lakini Jarir aliijua thamani na yule mwingine hakuijua, naye hakutaka elimu yake iwe mtego.

Wiki iliyofuata vijana wale watatu walichanga fedha zao wenyewe, wakarudi sokoni kumtafuta bibi. Hawakumpata. Wauzaji wenziwe walisema kuwa yeye si mtu wa kila siku; huja shamba lake linapoiva, kisha haonekani miezi. Walikwenda tena mara mbili. Mwishowe waliitoa fedha ile sadaka kwa nia ya kwamba thawabu yake imfikie yeye, kama wanazuoni walivyoelekeza kwa mtu asiyempata mwenye haki. Mmoja wao angali akilitazama lile eneo la nyanya kila akipita.

Limebaki jambo la kununua kwa asiye wa dini yako, au kwa mtu asiyekupenda. Wahubiri wetu huniandikia juu yake kutoka vijijini. Mwenye duka mmoja haitiki salamu, mwingine huwaambia wateja wasikae karibu na mhubiri. Je, ahamishe manunuzi yake mji mwingine? Warudi katika aya tuliyoanza nayo. Vijana wale wa pangoni walinunua chakula katika mji uliotaka kuwaua, na waliagizana upole huko huko. Basi kama kipimo cha mwenye duka ni cha haki na kitu chake ni kizuri, nunua kwake, mlipe papo hapo, usalimie unapoingia na unapotoka. Asipoitika, salamu yako haijapungua.

Na Mtume wetu s.a.w. alipofariki, kama alivyopokea Imam Bukhari, deraya yake ilikuwa rehani kwa Yahudi mmoja wa Madina kwa shayiri aliyoichukua kwa ajili ya watu wa nyumbani kwake, pishi 30 za kipimo cha sa'. Wanafunzi walitaka kujua ni kiasi gani. Sa' moja ni viganja viwili vilivyounganishwa vya mtu wa wastani, vikijazwa mara nne. Hatukuwa na shayiri, kwa hiyo tulichota mahindi ya jikoni, tukapima katika mizani, tukazidisha kwa 30. Kijana kutoka Njombe, ambaye baba yake hulima viazi, akaitazama ile hesabu ubaoni akasema: “Ustadhi, hiyo haifiki hata gunia moja la kawaida, sembuse lumbesa.”